Rangi ya Jino na Damu ya Ufizi: Kuyafahamu na Kuyatibu Maradhi ya Fizi

Mtu aliyezaliwa na kukulia katika mitaa na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru aghalabu hutambulikana kwa meno yake kabla hajataja kwao. Kutoka Ngaramtoni hadi Maji ya Chai, na kutoka Kwa Mrombo, kusini mwa jiji la Arusha, hadi Ngarenanyuki, upande wa pili wa mlima, wapo watu wengi ambao meno yao yana mabaka meupe kama chokaa, au ya manjano, au ya kahawia. Watu wa huko wamekwisha kuzoea kutaniwa kwa ajili ya jambo hilo.

Utani wenyewe si hoja. Hoja ni mawazo mawili potofu yanayofuatana nao. Wazo la kwanza ni kwamba jino la kahawia ni jino chafu. La pili ni kwamba, kwa kuwa rangi hiyo haitoki hata mtu akipiga mswaki mara tatu kwa siku, basi kupiga mswaki hakuna faida. Kijana ashikaye wazo la kwanza husugua meno yake kwa mchanga, majivu au mkaa hata akaziumiza fizi. Ashikaye la pili huacha kabisa kusafisha kinywa. Wote wawili huenda wakafika umri wa miaka 40 meno yao yakilegea, na lawama wataitupia maji ya Arusha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba rangi ya jino na ugonjwa wa fizi ni mambo mawili mbalimbali, na kwamba lile linalong'oa meno ya watu wazima ndilo ambalo mtu anaweza kulizuia kwa mkono wake mwenyewe.

ASILI YA RANGI YA KAHAWIA

Mlima Meru, wenye kimo cha meta 4,562, ni volkano iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Miamba yake ina madini mengi ya floraidi. Maji ya mvua yanapopenya ardhini huyayeyusha madini hayo polepole, kisha hutokea tena katika chemchemi, mito na visima yakiwa yamebeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi katika kila lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kwa sababu maji mengine hayakupatikana, kabla ya kukifuata kipimo hicho cha 1.5. Baadhi ya vyanzo vya Meru vina zaidi ya miligramu 10. Kadhalika magadi yanayotumiwa kulainisha makande na maharage huweza kuongeza floraidi katika chakula.

Floraidi ikizidi hulidhuru jino lingali linaumbwa ndani ya taya, yaani tangu utoto mchanga hadi miaka minane hivi. Chembe hai zinazojenga enameli, lile gamba gumu la nje, hushindwa kuikamilisha kazi yake, na enameli hubaki na vitundu vidogo vidogo. Jino likisha kuota, vitundu hivyo hufyonza rangi za vyakula na vinywaji, nalo hugeuka kahawia. Kwa hiyo doa hilo limo ndani ya jino wala halikupakwa juu yake. Mswaki hauliondoi, kama vile kufagia kusivyoweza kuondoa rangi ya sakafu iliyochanganywa ndani ya saruji.

Hapa mwanafunzi ataona jambo moja la kufurahisha. Katika kituo cha Ngurdoto, karibu na Usa River, ambako Wizara ya Maji imefanya utafiti wa kuondoa floraidi, maji huchujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mfupa hushika floraidi kwa sababu madini yake ni ya jamii moja na madini ya jino. Madini ya jamii ileile na ya jino ndiyo yanayotumiwa katika chujio kumwokoa mtoto. Kuchemsha maji, kinyume cha wanavyodhani wengi, hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwa mvuke, floraidi hubaki, na kila lita inayosalia huwa na floraidi nyingi zaidi.

JINO HUSHIKWA NA NINI?

Sasa tuliache doa, tutazame mahali jino linaposhikwa. Jino halikupigiliwa mfupani kama msumari ubaoni. Mzizi wake umekaa katika shimo la mfupa wa taya, na kati ya mzizi na mfupa kuna maelfu ya nyuzi fupi zinazolining'iniza jino kama kamba za chandarua. Nyuzi hizo hulegea kidogo tunapotafuna na kulirudisha jino mahali pake. Juu ya mfupa na nyuzi umetandazwa ufizi, ambao kazi yake ni kufunika na kuziba, vijidudu vya kinywani visiteremke hadi mizizini.

Ukingo wa ufizi haukugandamana na jino moja kwa moja. Pana mfereji mwembamba unaolizunguka jino, wenye kina cha milimita 1 hadi 3 mtu akiwa mzima. Mfereji huo ndio uwanja wa vita tutakavyovieleza.

UKOGA NA UGAGA

Kinywa cha binadamu kina aina zaidi ya 700 za bakteria zinazojulikana. Wengi hawana madhara. Lakini saa chache tu baada ya jino kusafishwa, baadhi yao hujishikiza juu yake, huzaana, na kujitengenezea utando unaonata. Utando huo laini, wenye rangi ya maziwa au ya manjano hafifu, ndio ukoga. Mtu huweza kuukwangua kwa ukucha asubuhi kabla hajapiga mswaki.

Mtu wa kwanza kuyaelezea maisha yaliyomo ndani ya ukoga alikuwa Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi. Mwaka 1683 aliuandikia barua Umoja wa Wanasayansi wa London kueleza jinsi alivyotazama kwa hadubini yake ukoga wa meno yake mwenyewe, akaona viumbe vidogo vikienda huku na huko. Aliongeza uchunguzi mmoja ambao hata leo una maana. Alipouchanganya ukoga na siki nje ya kinywa, viumbe vile vilikufa. Lakini aliposukutua kwa siki, vile vilivyojificha ndani ya ukoga katikati ya meno vilisalimika. Utando huwakinga wakazi wake. Ndiyo maana hakuna maji ya kusukutua yawezayo kushika nafasi ya kusugua.

Ukoga usipoondolewa, chumvi za kalsiamu na fosfeti zilizomo katika mate huanza kuugandisha. Kwa siku chache hadi majuma mawili hivi huwa mgumu kama jiwe, nao huitwa ugaga. Ugaga hautoki kwa mswaki. Uso wake una mikwaruzo, na juu yake ukoga mpya hupata makao mazuri zaidi.

Kwa kuwa ugaga nao huweza kuwa wa kahawia, mkazi wa Meru hana budi kujua kuutofautisha na doa la floraidi. Doa la floraidi huwa zaidi kwenye uso wa mbele wa jino, na meno ya kulia na ya kushoto yaliyo pacha hufanana kwa mabaka. Ugaga hukaa kandokando ya ufizi, hasa nyuma ya meno ya mbele ya chini na upande wa shavuni wa magego ya juu, kwa sababu hapo ndipo midomo ya tezi za mate ilipo. Doa ni sehemu ya jino lenyewe; ugaga ni mzigo uliobandikwa juu yake, na mganga wa meno huweza kuubandua.

JARIBIO LA AARHUS

Je, tunajuaje kwamba ukoga ndio unaosababisha ugonjwa wa fizi? Jibu lilitolewa mwaka 1965 na Harald Löe na wenzake katika mji wa Aarhus, nchini Denmark. Waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Ukoga ukaongezeka, na katika muda wa siku 10 hadi 21 fizi za wote zilikuwa zimevimba. Kisha wakaanza tena kusafisha, na baada ya juma moja hivi fizi zikapona.

Tuone uzuri wa jaribio hilo. Kisababishi kilipoletwa, ugonjwa ulikuja. Kilipoondolewa, ugonjwa uliondoka. Na hakuna dawa yoyote iliyotumika. Hatua hii ya kwanza ya ugonjwa hutibika kabisa. Dalili zake ni ufizi mwekundu badala ya waridi au wa rangi yake ya kawaida, ukingo uliofura, na damu inayotoka wakati wa kupiga mswaki au kung'ata embe. Kwa watu wenye fizi nyeusi kwa maumbile wekundu hauonekani kwa urahisi, na kwa hiyo damu ndiyo shahidi wa kutegemewa. Maumivu aghalabu hayapo.

Wengi wakiona damu huacha kupiga mswaki mahali hapo wakidhani wamejiumiza. Kwa kufanya hivyo huuachia ukoga uongezeke, na damu huzidi. Ufizi mzima hautoki damu kwa mswaki laini. Unaotoka damu unaomba kusafishwa zaidi, kwa uangalifu.

UGONJWA UNAPOFIKA MFUPANI

Ukoga ukikaa miezi na miaka, mwili huendelea kupigana nao. Mishipa ya damu hupanuka, askari wa mwili hukusanyika, na kemikali hutolewa za kuwaua bakteria. Lakini silaha hizo hazichagui. Nyuzi zinazolishika jino hukatika, na mfupa ulio karibu na mapambano huyeyushwa na mwili wenyewe, kana kwamba unarudi nyuma kumkimbia adui. Ule mfereji wa milimita 1 hadi 3 hugeuka mfuko wa milimita 4, 6 au hata zaidi. Ndani yake hakuna hewa ya kutosha wala mswaki haufiki, na bakteria wabaya zaidi hustawi humo.

Hatua hii ya pili haina njia ya kurudi mwanzo. Mfupa ulioyeyuka kwa kawaida haurudi wenyewe. Kinachowezekana ni kuuzuia usiendelee kuyeyuka. Dalili zake ni ufizi kunywea hata jino likaonekana refu, meno kuachana, kinywa kunuka, usaha na, mwishoni, jino kucheza.

Hata hivyo si kila mwenye ukoga hufika huko. Löe na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka kuanzia mwaka 1970 hadi 1985, watu ambao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki wala huduma ya meno. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1986, karibu asilimia 8 ugonjwa ulikwenda mbio, asilimia 81 ulikwenda kwa mwendo wa wastani, na asilimia 11 haukupita hatua ya fizi kuvimba. Mwaka huohuo wa 1986, Vibeke Baelum na wenzake walichapisha uchunguzi wa Watanzania wenye umri wa miaka 30 hadi 69. Walikuta ukoga, ugaga na fizi zitokazo damu kwa wingi, lakini mifuko mirefu ilikuwa michache, na uharibifu mkubwa ulikuwa umelundikana kwa sehemu ndogo ya watu.

Basi hali ya mwili wa mtu nayo ina neno lake. Mvutaji wa sigara yumo hatarini zaidi, na sigara humficha dalili kwa kupunguza damu ya fizi. Mgonjwa wa kisukari hupatwa na ugonjwa mkali zaidi wa fizi, na fizi mbovu nazo huzidisha ugumu wa kuitawala sukari ya damu. Mama mjamzito fizi zake huvimba kwa urahisi kwa sababu ya mabadiliko ya homoni. Wapo pia wenye kuurithi udhaifu huo. Lakini kwa kuwa hakuna ajuaye mapema kama yumo katika ile asilimia 8, hekima ni kila mtu kujichukulia kuwa yumo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu zaidi ya bilioni moja duniani wana ugonjwa mkali wa aina hii.

MATIBABU

Mganga wa meno, mathalani katika hospitali ya mkoa ya Mount Meru, huanza kwa kupima. Hutumia kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akakiteremsha taratibu kando ya kila jino kuona kina cha mfereji na kama damu inatoka. Picha ya eksirei humwonyesha kiasi cha mfupa kilichobaki.

Kisha hukwangua ugaga wote, wa juu ya ufizi na wa chini yake, kwa vyombo vya mkono au kwa chombo kinachotetemeka kwa kasi kikimwaga maji. Mifuko ikiwa mirefu hutia ganzi kwanza. Wako wanaoamini kwamba kukwangua ugaga hulegeza meno. Ukweli ni kwamba ugaga mwingi huweza kuyashikamanisha meno yaliyokwisha kulegea, na ukiondolewa ulegevu uliokuwapo tangu mwanzo hudhihirika. Baada ya majuma 6 hadi 12 mganga hupima tena. Ufizi uliotulia hukaza, na mifuko mingi hupungua kina. Ile isiyopungua huenda ikahitaji upasuaji mdogo wa kuufunua mzizi na kuusafisha.

Vidonge vya kuua bakteria havishiki nafasi ya kazi hiyo, kwa sababu ileile aliyoiona Leeuwenhoek: utando huwakinga wakazi wake. Kununua vidonge dukani kila fizi zivimbapo ni kupoteza fedha na kuwazoesha bakteria dawa. Hutumika kwa hali maalumu, kwa amri ya daktari.

KINGA YA KILA SIKU

Meno yasuguliwe mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, kwa mswaki laini, nywele za mswaki zikielekezwa kwenye mpaka wa jino na ufizi. Hapo ndipo adui alipo. Katikati ya jino hujisafisha nusu kwa kutafuna. Neno lenyewe mswaki lilitoka katika kijiti cha mti kitafunwacho ncha hata kikawa na nyuzi, nacho kikitumiwa vizuri huondoa ukoga. Asiye na fedha ya mswaki wa dukani hana sababu ya kukosa kabisa. Mchanga, majivu na mkaa viachwe. Havifiki ndani ya enameli lilipo doa, bali hukwangua jino na kuusukuma ufizi nyuma. Anayechukizwa na rangi ya meno yake amwone mganga wa meno, ambaye anazo njia za kulipunguza doa au kulifunika.

Katikati ya meno mswaki haufiki. Kwa Mrombo hujulikana kwa nyama choma, na baada ya kula watu hutafuta njiti. Njiti huondoa unyuzi wa nyama, lakini unyuzi huo sio unaoleta ugonjwa. Ni ukoga usioonekana uliobaki pembeni. Uzi wa meno, au brashi ndogo ya katikati ya meno, huuondoa vizuri zaidi. Njiti ikichomwa kwa nguvu hujeruhi ufizi.

Walimu huulizwa: Je, mtu wa Arusha atumie dawa ya meno yenye floraidi? Mtu ambaye meno yake yamekwisha kuumbika hawezi tena kupata doa, na floraidi ya juu ya jino humkinga na meno kutoboka. Kwa hiyo mwanafunzi wa sekondari aitumie, ateme bila kumeza. Mtoto chini ya miaka mitatu apewe kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere, naye asimamiwe.

KAZI YA DARASANI

Kila mwanafunzi apige mswaki nyumbani kama kawaida, kisha asukutue kwa maji yaliyotiwa matone machache ya rangi nyekundu ya chakula, na baadaye kwa maji matupu. Atazame kwa kioo. Mahali palipobaki pekundu zaidi ndipo ukoga ulipo. Achore safu za meno yake na kutia alama, asafishe tena, na kulinganisha. Kisha kwa siku 14 aandike kila asubuhi kama fizi zilitoka damu, akifuata njia iliyoelezwa hapo juu. Mwalimu asimtake mwanafunzi yeyote afunue kinywa mbele ya wenzake, daftari latosha.

Wenye fizi zilizovimba tu wataona damu ikipungua na kukoma, kama walivyoona wale 12 wa Aarhus. Damu isiyokoma baada ya majuma mawili ya kusafisha vizuri ni ishara ya kwenda kwa mganga wa meno, si ya kuacha mswaki. Na yule ambaye meno yake yatakuwa bado ya kahawia mwishoni mwa siku hizo 14, asikate tamaa. Rangi ya jino yamwambia mtu alikunywa maji gani akiwa mtoto. Ni ufizi ndio umwambiao kama atakuwa na meno ya kutafunia uzeeni.